Nywele Zangu Kwenye Kibuyu

Mimi ni mtu wa kushuku, nakiri. Ukinipa chai naitazama kwanza. Wajukuu wangu wananicheka, wanasema bibi hata maji ya mtungi wake mwenyewe huyanusa. Waache wacheke. Tabia hii ilinianza nikiwa na miaka kama kumi na minne, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kolandoto. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, baba akarudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita akiwa na mke.

Mama yangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Huyu mpya alikuwa Mzinza, mwembamba, mpole kupita kiasi, na upole wenyewe ndio ulionitia wasiwasi. Mtu gani asiyekasirika? Nilimwaga maji yake ya kuoga makusudi, yeye akachukua mtungi akaenda kuteka mengine. Halafu kile kitambaa chake cha kichwani. Hakikumtoka, iwe jikoni, iwe shambani. Nikajiuliza anaficha nini. Baba aliniambia nimwite mayu, kama tunavyowaita mama zetu Usukumani. Thubutu! Shikamoo nilimpa kwa kumwogopa baba, lakini jina la mama sikumpa.

Kwetu kiangazi, pamba ikishavunwa, ndiyo majira ya ngoma, na msichana huandaliwa mambo mawili nyumbani: bangili na mafuta. Bangili ni singa za mkia wa ng'ombe zilizosokotwa pamoja, kisha zikazungushiwa waya mwembamba wa shaba mpaka singa zenyewe zisionekane. Mafuta ni siagi iliyosukwa kwenye kibuyu wakati ng'ombe wana maziwa, ikatiwa majani makavu ya kunukia na kuwekwa akiba. Mama yangu alikuwa akinifanyia yote mawili. Mwaka ule yule mwanamke akayaanza bila kuombwa na mtu.

Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, anazungusha waya taratibu, kisha ananiita nije kujipima mkono. Siendi. Siku moja nikakuta bakuli la mafuta kando ya kitanda changu. Yalinukia vizuri mno, siwezi kudanganya, na mimi nikaona mtu hawezi kumtengenezea mtoto asiye wake kitu kizuri hivyo bila sababu. Nikachota kidogo kwa kidole nikaenda kumpaka mbuzi.

Msicheke. Nilimpaka mbuzi jike mweupe, masikioni na shingoni, na kila kukicha nilikwenda kumtazama kama amekufa. Hakufa. Aling'aa, wenzake wakawa wanamfuata wamlambe. Nikasema basi dawa hii imetegwa kwa jina langu, mbuzi haimhusu, lakini nikaendelea kumpaka ili nihakikishe. Bakuli likafika nusu.

Kichwa changu nilikichana mwenyewe, uani, kwa sababu sikutaka anishike. Nywele zilizobaki kwenye kitana nilizitupa popote. Sasa, kila mtu kwetu anajua nywele za mtu hazitupwi ovyo. Mwenye nia mbaya akizipata, amekupata wewe. Lakini aliyekuwa akinikumbusha kuzificha ni mama, naye hayupo tena. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya ghala nikamwona yule mwanamke ameinama palepale nilipochania. Akaokota. Akatazama huku na huku, akafunga alichookota kwenye pindo la nguo.

Nilisubiri aende kisimani, nikaingia chumbani kwake. Chini ya kitanda kulikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la mahindi. Nikazibua, nikachungulia. Nywele. Vifundo vingi vidogo vidogo vya nywele, kila kimoja kimefungwa kwa uzi.

Nilikimbia nacho mpaka kwa shangazi, dada yake baba, aliyekaa kaya ya jirani. Shangazi tangu mwanzo hakutaka kaka yake aoe mtu wa mbali, kwa hiyo hakuniuliza mara mbili. Nilijua ninachokifanya. Kwetu mwanamke akishatajwa kwa uchawi, kufukuzwa tu ni bahati yake, wapo waliopatwa na makubwa zaidi. Nilijua, na bado nilitaka aondoke. Haki ya Mungu, nilitaka.

Jua lilikuwa bado kali tulipokaa uani: baba, shangazi, mimi, na yeye. Shangazi akakiweka kibuyu katikati. Baba alimwuliza mara moja tu zile nywele ni za kazi gani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Asipokuwa na jibu, alimwambia, afunge mzigo wake, kesho arudi kwao.

Hakulia. Alipeleka mikono nyuma ya shingo akafungua kitambaa. Nilisogea nyuma, sijui nilitegemea kuona nini. Kichwa kilikuwa na mvi, karibu nusu nzima, na yeye alikuwa mdogo kuliko shangazi. Akatueleza kwamba kwao alizika watoto wawili katika mvua za mwaka mmoja, na nywele zikageuka. Watu wakaanza kumsema, kwamba mvi za upesi hivyo si bure, ndipo akajizoeza kufunika kichwa. Kisha akakigusa kibuyu.

"Zimo zake na zangu," alisema. "Alikuwa anazitupa uani, nikaogopa nisije nikamzika na huyu. Nikazifunga pamoja, ili anayemtaka yeye aanze na mimi."

Shangazi akasonya, akasema maneno hayo hata mchawi angeyasema. Baba akanigeukia mimi. Akasema kwa kuwa mimi ndiye niliyelileta jambo, nilimalize.

Nami kwa kushuku kwangu sikutosheka na maneno. Nilipiga magoti, nikakimimina kibuyu chote chini, nikafungua kifundo kimoja. Nywele zangu nyeusi, na katikati yake mvi zake. Cha pili, hivyo hivyo. Nilivifungua vyote, kimoja baada ya kingine, mbele yao, nikitafuta kimoja tu chenye nywele zangu peke yake. Hakikuwapo. Nilivirudia tena kwa kuwa sikutaka iwe kweli.

Aibu ilinishika. Nilimwambia baba asimfukuze, nimekosea. Shangazi akainuka akaenda zake bila kuaga, na mwaka mzima hakukanyaga kwetu. Yule mwanamke aliokota vifundo vyake akaanza kuvifunga upya.

Kesho yake nilimpelekea bakuli. Alichungulia, akauliza mbona nimejipaka mengi hivi na ngozi imepauka. Ikabidi niseme ukweli wa mbuzi. Alinitazama, akamtazama mbuzi, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikamsikia akicheka. Akasema basi kwenye ngoma tumpeleke yeye, maana ndiye aliyependeza. Kisha akanionyesha kwa kidevu nikae chini, katikati ya magoti yake. Akanipaka mikono na shingo. Akanivalisha bangili, ikanikaa sawasawa ingawa hakuwahi kunipima. Alikuwa amenikadiria kwa macho tu.

Alipomaliza kunichana alikiweka kitana chini, na sasa aliogopa hata kuzigusa nywele zilizobaki mle. Nilizitoa mwenyewe. Nikazisokota, nikamshika mkono nikaziweka kiganjani mwake, nikamfunga vidole.

"Mayu," nikamwambia, "weka na hizi."