Sauti Tutaipata Njiani

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu wa kwaya asiyejua nota hata moja, na hilo halikumnyima usingizi. Wimbo mpya ukija, sauti ya pili wakilalamika kwamba hawajui waingilie wapi na sauti ya tatu wakitazamana tu, yeye aligonga meza kwa kidole na kusema, "Anzeni. Sauti tutaipata njiani." Tulianza. Ubeti wa kwanza ulikuwa fujo tupu, kila mtu na lake. Wa pili ulikuwa na nafuu. Tukifika wa tatu, mpita njia angedhani wimbo ule tumeuimba tangu utotoni.

Msemo ule ulitoka kanisani ukahamia jikoni. Sukari ikiadimika dukani, mama mkwe aliponda ndizi mbivu kwenye uji akasema sauti tutaipata njiani. Kijiji kilipoambiwa kianzishe shamba la ujamaa bila mtu kujua mbegu zitatoka wapi, wazee waliguna, wakasema hivyo hivyo. Hata mume wangu, siku nilipomuuliza tutaishi wapi tukioana, alinijibu kwa maneno ya baba yake. Nilikasirika kweli. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Bulyaga mjini, na baba yangu hakuwahi kukata kitambaa bila kupima mara mbili. Nikaona nimeingia kwenye ukoo wa wabahatishaji.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba haukuwa msemo wa wavivu. Mtu aliyeropoka tu, au aliyeanza jambo akaliacha hewani, hakuruhusiwa kuutumia. Mzee alimwambia, "Wewe hutafuti sauti, unapiga kelele." Kutafuta sauti maana yake ni kwamba umeanza bila kujua, basi masikio yako yote yawe kwa mwenzako.

Jina la mzee sitaliandika hapa. Sina cha kuficha, ila sikuwahi kulitamka akiwa hai na sitaanza leo. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hazungumzi naye, hapiti alipo yeye. Wenyewe huita ukutila, yaani kuogopa. Kwetu mjini mambo hayo yalikuwa yamelegea, lakini huku vijijini Mpuguso mama mkwe alinifundisha yote wiki ya kwanza, kuanzia njia ya kuzunguka nyuma ya migomba nikisikia kikohozi chake. Mchungaji alisema mara nyingi kwamba Wakristo waache mambo hayo. Mzee aliitikia kwa kichwa kwa adabu, akaendelea nayo.

Sasa fikiria, huyo ndiye mwalimu wa kwaya na mimi ni sauti ya pili. Wengine walinishauri niache kuimba. Yeye alituma neno kupitia mama mkwe kwamba sauti ya pili haina watu wa kutosha, na tangu siku hiyo akafundisha akiwa ametugeuzia mgongo, anatazama ukuta, mikono ikipunga hewani. Nikaujua mgongo ule kuliko ninavyojua nyuso za ndugu zangu. Bega la kushoto likipanda, tumekosea.

Siku ninayotaka kuisimulia, kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la ujamaa upande wa Kisiba, mama mkwe pamoja nao. Mume wangu, mwalimu wa shule, alikuwa semina Mbeya. Mimi niliachwa kwa sababu ya tumbo, mimba yangu ya kwanza, na mzee alisamehewa jembe ili atunge wimbo wa kumpokea mgeni aliyetarajiwa kutoka mkoani. Alikaa kwenye baraza yake akiimba mstari mmoja asubuhi nzima: "Shamba letu la pamoja, jembe begani twende." Hapo alikwama. Ukungu ulikuwa umeshuka kiasi kwamba kutoka mlangoni kwangu sikuiona baraza yenyewe.

Uchungu ulinijia ghafla, mapema kuliko tulivyotarajia. Nilijaribu kuuma kanga, nikashindwa, nikalia kwa sauti. Kuimba kukakoma. Kisha nikamsikia mzee akizungumza na ng'ombe aliyefungwa uani.

"Gwe ng'ombe," akasema, yaani wewe ng'ombe, "nyumba ile ina mtu anaumwa? Kama ni uchungu wa mtoto, agonge sufuria."

Niligonga sufuria kwa mwiko kama nafukuza nyani.

"Gwe ng'ombe, huku hakuna mwanamke wa kumwita, wote wako shamba. Sisi tunakwenda zahanati. Mimi natangulia. Anayekuja afuate wimbo, na aitikie, nijue yupo."

Ndivyo tulivyotoka, yeye mbele ndani ya ukungu na mwavuli wake mweusi, mimi nyuma nikifuata nisichokiona. Njia ile inagawanyika hovyo kati ya migomba na chai, na mimi mtoto wa mjini ningeishia bondeni. Aliimba mstari wake wa shamba la pamoja, nami nikaitikia kwa sauti ya pili. Alipofika pale alipokwama asubuhi hakusimama safari hii. "Jembe begani twende, kuna jiwe, mguu wa kulia! Shamba letu la pamoja, kuna utelezi, shika mgomba!" Niliruka jiwe, nikashika mgomba. Wimbo si mazungumzo, kwa hiyo desturi ilikuwa salama. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na kila mstari ulipoisha alisubiri sauti yangu.

Kwenye kijito, kabla ya daraja la magogo, maumivu yalinikalisha chini. Mzee alikwishavuka. Akaimba, nikakosa pumzi ya kuitikia. Akaimba tena, juu zaidi. Kisha akaita kama anavyoita kanisani, "Sauti ya pili!" Sikuweza hata kuguna.

Niliogopa. Niliogopa nitafia pale kwenye matope na mtoto wangu, na niseme kweli, niliogopa pia kwamba atageuka. Nilikuwa nimechuchumaa, kanga imelowa, nguo imenipanda. Akiniona vile, hatanisamehe wala hatajisamehe, na nyumba yetu haitakuwa nyumba tena. Asipogeuka, nimekwisha. Sikujua niombe lipi.

Ndipo nikaona mgongo. Ulitokea ndani ya ukungu ukija kwangu, mzee mzima anatembea kinyumenyume juu ya magogo yaliyolowa, koti amejifunika kichwani mpaka kifuani, kisigino kikipapasa kabla ya kukanyaga. Mwavuli alikuwa ameunyoosha nyuma yake, mpini uliopinda ukielekea upande wangu, ukigusa nyasi, ukigusa maji, ukitafuta. Alikuwa akiimba chinichini bila maneno. Bega la kushoto lilikuwa limepanda.

Niliushika mpini. Alipohisi uzito akasimama palepale, hakuvuta, hakuharakisha. Maumivu yalipoachia nilitikisa kidogo, naye akaanza kwenda. Tulivuka hivyo, akavua koti kichwani bila kugeuka, na tukafika zahanati kila mmoja ameshika upande wake wa mwavuli. Nesi alitushangaa.

"Wewe mzee ni nani wake?"

Akajibu akitazama ukuta. "Ni mwimbaji mwenzangu."

Binti yetu alizaliwa kabla ukungu haujainuka. Nilimpenda yule mzee tangu siku hiyo kwa mapenzi ambayo sikuwa na njia ya kumwambia. Wimbo wa mgeni nao haukupata maneno mengine. Siku ya mapokezi aliamuru tuuimbe kama ulivyotoka, jiwe, utelezi, mgomba na yote. Mgeni alipiga makofi, akasema kwenye hotuba yake kwamba wimbo ule una mafunzo kwa taifa changa. Sauti ya tatu waliinama kuficha kicheko.

Miaka ilipita, tukapata watoto wengine, na mzee akaugua, akawa hatoki chumbani. Desturi haikulegea kwa sababu ya ugonjwa. Uji nilipika mimi, mama mkwe akaupeleka. Nilichoweza kufanya ni kukaa nje ya ukuta wake wakati wa kumenya ndizi na kuimba, naye aliitikia kutoka ndani kwa sauti ya nne, nzito, inayochelewa kidogo. Mchana mmoja niliimba asiitikie. Nikaimba tena, juu zaidi. Mama mkwe alikuwa amekwenda kuchota maji, watoto wako shule. Nyumba ilikuwa kimya.

Sikujua la kufanya, nikaanza tu. Nilijifunika kanga kichwani, nikauchukua mwavuli wake uliokuwa umetundikwa mlangoni, nikageuka na kuingia kinyumenyume, mpini nimeunyoosha nyuma yangu. Niliimba ule wimbo wa njiani bila maneno. Mpini uligusa kitanda, ukagusa blanketi. Nilisimama hapo, nikisikiliza.

Kisha mwavuli ukavutwa. Kidogo sana, lakini ukavutwa.

"Gwe ng'ombe," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "ndaga fijo." Ahsante sana.

Chumbani hapakuwa na ng'ombe. Nikaitikia kwa sauti ya pili, tukabaki hivyo, kila mmoja na upande wake wa mwavuli, mpaka mama mkwe aliporudi na maji.