Gitaa la Baba Mdogo Yona

Siku gitaa linashushwa tulikuwepo sisi: babu Kitundu, mzaa baba yangu, mama yangu Nzitu, mama mdogo Eliwaza, mjane wa baba mdogo Yona, binti yao Sikitu, aliyezaliwa baba yake ameshazikwa, na mimi, niliyemzidi Sikitu kidogo. Ilikuwa nyumbani Iguguno, alizeti imeshavunwa.

Enzi zile sauti ya mtu ilikuwa inaondoka na mwenyewe. Yona alilipata gitaa lile Itigi, kwa mtu wa reli, likiwa limeshazeeka. Alilipiga kwa kipande cha pembe ya ng'ombe, haraka haraka, mpaka ubao chini ya tundu ukalika, ukabaki mweupe. Alipofariki, mama mdogo akasema, "Litunzwe, mtoto aje amsikie baba yake." Basi mama akalitunza kama tulivyokuwa tunatunza vitu vya thamani: akalitundika kwenye uchaga juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mtama, moshi ulifukuzie wadudu. Miaka yote hiyo tulipika chini yake.

Sikitu alipokua, babu akalifuta masizi, akakaza uzi mmoja. Paa! Kile kibao kinachoshika nyuzi kikang'oka chote, gundi imeisha kwa joto. Mama akajishika kichwa.

"Jamani, nimemuua shemeji mara ya pili!"

Eliwaza hakulia. "Dada Nzitu, ulikuwa unatunza."

Sikitu akauliza, "Babu, lilikuwa linaliaje?"

"Njoo hapa, mke wangu." Babu akaanza kuliigiza kwa mdomo: ting'i-ting'i, ting'i-ti.

"Si hivyo, baba," mama mdogo akamkatisha. "Alianzia chini, ndiyo apande."

"Mimi ndiye niliyemzaa!"

"Ulimzaa, baba, lakini alikuwa anapigia jikoni kwangu."

Tukacheka huku machozi yanatutoka. Kila mmoja akaleta kipande alichokumbuka, mpaka Sikitu akaushika wimbo wote.

Siku hizi wajukuu wangu wanarekodi hata kuku akitaga. Simu ikijaa wanafuta, wala hawaumii. Sisi tulibeba kichwani, na kichwa nacho kinachoka. Wenye wimbo ule tumebaki mimi na Sikitu tu, na siku hizi tunabishana: mimi nasema unaishia juu, yeye anasema chini. Wewe uliyepita Iguguno enzi hizo ukamsikia Yona, kama nimekosea nirekebishe. Usionee haya uzee wangu. Yule ni baba yake.