Kura au Kula: Lenzi Niliyobeba Shieywe

Leo nimepiga picha nikiwa nimesimama ndani ya sukumawiki ya watu, na kosa si langu!

Jana Makokha wa Shieywe aliniambia kwa simu, "Fundi, nataka picha ya kula."

Nyinyi mnajua R na L za huku kwetu. Nikasikia kura. Nikajua anagombea kiti mahali.

Basi nikabeba lenzi ya 85, ile ya uso mmoja na mabega. Ile pana ya 28 nikaiacha nyumbani.

Nafika, hakuna mgombea. Kuna ingokho, kuku wetu wa kienyeji, mezani na watu kumi na mmoja wamebanana sebuleni. Mama yake mzee ametoka Khwisero, anarudi kesho, na hawajawahi kupigwa picha wote pamoja.

Nikachungulia kwenye kamera. Vichwa viwili na kijiko!

"Toeni meza nje," nikasema. Wakatoa. Nikarudi nyuma mpaka kwa mboga za jirani.

"Mama hachekangi kwa picha," Makokha akanionya.

Lakini kwa umbali ule mama alinisahau kabisa. Akanyoosha mkono, akachukua firigisi kwa sahani ya Makokha. Firigisi ya mwenye nyumba, jamani!

"Mama, hiyo ni yangu!"

"Na wewe ni wa nani?"

Meza nzima ikaangua kicheko, mama akiongoza. Nikabonyeza.

"Fundi, umemshika?" Makokha akapaza sauti.

"Nimemshika, na firigisi mdomoni!"

Filamu naiosha kesho. Sasa niambieni, ningekuwa na 28 pale karibu naye, angecheka?