Kidole cha Bi Kiwiko

Mtaa mzima ulimwita Bi Kiwiko, na jina hilo alilipata kihalali. Mpambaji huyu wa maharusi hakumgusa mtu uso kabla ya kumjaribishia kila kipodozi kwenye mkunjo wa kiwiko na kungoja mpaka kesho yake. Wenye haraka aliwaonyesha mlango. Lebo alizisoma kwa miwani na lenzi juu yake, na akikuta neno manukato humwambia muuzaji, "Hii nimwekee nani, maua?"

Safari hii bibi harusi alikuwa mdogo wake mwenyewe, mwenye ngozi ya kugombana na kila kitu, aliyeapa tangu utotoni kwamba hatapambwa na mwingine. Jumatatu akampaka kwa kidole alama nne: losheni, fondesheni, poda na rangi ya mdomo. Jumanne zote nne zimetoa vipele. Akabadilisha vyote. Jumatano, yale yale.

"Dada, basi nitaolewa na uso mtupu," mdogo mtu alisema, machozi yakimlengalenga.

"Mimi nikiwa hai?"

"Haya, nipake maji tuone!"

Ulikuwa utani wa mtu aliyekata tamaa, lakini Bi Kiwiko alichovya kidole kwenye bilauri akampaka kweli. Alhamisi, mahali pa maji napo vipele.

Wakatazamana. Maji! Bi Kiwiko akakigeuza kidole chake, akakinusa, na aibu ikamvaa kuanzia utosini. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na moja, amejipaka krimu ya mikono yenye harufu ya ndimu, na lebo yake hakuwahi kuisoma hata siku moja. Aliikimbilia. Manukato yalikuwa mstari wa pili.

"Yaani mchawi tunalala naye!" Mdogo wake alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mkubwa akashindwa kujizuia, akakaa naye.

Alinawa kwa sabuni isiyo na harufu mpaka mikono ikalia, kisha akarudia majaribio kwenye mkono wa pili, kwa kijiti cha pamba. Ijumaa hapakuwa na kipele hata kimoja, naye akapiga vigelegele peke yake jikoni.

Jumamosi bibi harusi aling'aa kiooni. Mikono ya dada yake, bila krimu, ilikuwa msasa mtupu.

"Polepole dada, unanikwaruza."

"Vumilia. Ile laini ilitaka kukuharibia harusi."

Mdogo wake akaidaka mikono ile, akaibusu yote miwili, na rangi ya mdomo ikabidi ianze upya.