Dawa ya Njano ya Teodora

Teodora alikuwa mchanganya dawa katika hospitali moja ya Mwanza kwa miaka kumi na tisa. Soko lilipofunguliwa na vidonge vya nje vikaanza kuingia kwa maboksi, chumba chake kilifungwa, naye akapunguzwa kazini. Alirudi nyumbani Igogo na kinu cha kaure, mizani ndogo, na wazo ambalo hakuwahi kupewa nafasi ya kulijaribu: kutengeneza dawa kwa manjano, ile bizari ya jikoni.

Alijua kwamba ile rangi yenyewe ndiyo dawa ya uvimbe. Tabu ilikuwa kuifikisha ndani ya mwili. Kwenye maji haikuyeyuka, ilituama chini ya glasi kama tope. Alipoishindilia kuwa vidonge akavimeza, ilitoka chooni njano vilevile ilivyoingia. Mwishowe aliipika taratibu kwenye samli, akatia pilipili manga iliyosagwa laini, kwa kuwa aliwahi kusoma kwamba pilipili hiyo hulizuia ini lisiitupe dawa upesi. Safari hii goti lake bovu lilitulia. Alifurahi mno, wala hakujiuliza pilipili ile ingelizuia ini lisitupe nini kingine.

Wa kwanza kumpa alikuwa jirani yake, mzee Ngosha, mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba huko Magu, magoti yamemvimba hata kuchuchumaa hawezi.

"Shikamoo, mzee. Kabla sijakupa, kuna dawa nyingine unameza?"

"Marahaba, mama. Hakuna. Mimi na hospitali tulishaachana."

Alijibu huku akitazama ukutani. Teodora aliyaona yale macho yakimkwepa. Aliyaona, na bado akaijaza chupa.

Wiki ya pili Ngosha alitembea mwenyewe hadi ufukweni akarudi na sato wawili. Habari zikaenea, watu wanane wakaja na chupa zao. Wiki ya tatu mzee akaanza kupepesuka, maneno yakawa mazito mdomoni. Mtaani wakasema kaanza kulewa. Alipokuja kujaziwa chupa, Teodora alimsogelea makusudi amnuse: hakukuwa na harufu ya pombe. Ila macho yake yalikuwa yakichezacheza, kushoto, kulia, hata alipokuwa ametulia kitini. Teodora akamjazia nusu, akajiambia kesho atamuuliza vizuri.

Asubuhi iliyofuata Ngosha alianguka kwenye mawe ya ufukweni, akavunjika nyonga. Walimkimbiza hospitali akiwa nusu amelala, haitiki vizuri.

Mchana binti yake, Dorotea, akaingia kwa Teodora ameshika kopo la majani ya chai lenye vidonge ndani.

"Mama, nimevikuta chini ya godoro la baba. Ni vidonge vya nini?"

Teodora hakuhitaji kusoma chochote. Vilikuwa vya kifafa. Mzee alikuwa ameuficha ugonjwa wake miaka yote, hata kwa mwanawe, kwa aibu. Na ile pilipili ilikuwa imelizuia ini lisiviondoe, vikalundikana kwenye damu siku baada ya siku mpaka vikawa sumu.

"Ni dawa yangu imemfanya hivi," alisema. "Twende nikamwambie daktari."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Alinidanganya, na mimi niliona kwamba ananidanganya."

Dorotea alitangulia mbele njia nzima, kopo mkononi.

Daktari alimsikiliza Teodora bila kumkatiza, akamsimamishia mzee vidonge kwa siku kadhaa. Fahamu zikamrudia. Nyonga haikupona sawasawa, na Ngosha akabaki mtu wa magongo. Hakumlaumu Teodora, ila Dorotea tangu siku hiyo hakumsalimia tena.

Lakini chupa nane zilikuwa zimeshatoka. Teodora aliimwaga samli iliyobaki, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akiwauliza watu dawa wanazomeza, na safari hii hakukubali jibu la haraka. Mama mmoja alikuwa akimeza dawa ya moyo na ameanza kuona kizunguzungu. Akamnyang'anya chupa mkononi.

Alizipata saba. Ya nane ilichukuliwa na mtu wa Nansio, kule kisiwani, aliyejitaja kwa jina la Pius tu, mwenye koti la kijivu. Teodora alipanda meli mara mbili kumtafuta. Mara ya pili, muuza nguo mmoja gatini alimwambia kwamba anamkumbuka mtu wa koti hilo: mwezi uliopita alipita hapo akipepesuka, na watu wakamcheka wakidhani amelewa. Anakokaa hakuna aliyejua.