Mzimu haukunitisha, kiboko kilinitisha

Kuna jambo nimewaficha wanangu maisha yangu yote, na leo sinema ya kutisha imenilazimisha kulitoa.

Mchana huu hapa Ngaramtoni wajukuu walikuwa wanatazama sinema ya mzimu wa enzi za Mjerumani.
Mzimu ulipotoka kaburini, Neema alijificha nyuma ya kochi.
Mimi nilicheka.

Kisha askari mmoja, Mwafrika mwenzetu, akaanza kumchapa kibarua kwa kiboko.
Neema akarudi kukaa, akaendelea kula bisi.
Mimi nikaziba macho kwa kiganja.

"Babu, hapo mbona hapatishi? Wewe si unasoma vitabu vya kutisha hadi unasinzia?"

Ni kweli. Ila kitabuni askari nampa sura niitakayo.
Sinema ilimpa sura yake, na ilifanana na ya ukoo wetu.

Neema akanishika mkono.
"Pole, Babu. Umemkumbuka babu yako, aliyechapwa pale boma?"

Hadithi hiyo nyote, wanangu na wajukuu, mliisikia kwangu.

Neema, nakujibu hapa kwa maandishi kwa sababu mdomo ulinishinda, na sitaki kufa na uongo.
Babu yangu hakuchapwa.
Yeye ndiye aliyeshika kiboko.