Nilivyolipiga rangi nyekundu gari langu la "ugali wa ulezi" kwa sababu ya wivu

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo zangu, marahaba.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Sumbawanga, sijasimuliwa na mtu. Mke wangu kakaa pembeni anasoma huku nachapa, kwa hiyo hata nikitaka kujisafisha hataniacha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wivu. Jirani akipaka nyumba chokaa, mimi sili vizuri siku hiyo.

Sasa gari lenyewe. Ni spoti ya milango miwili, iko chini kabisa. Aina sitaitaja, nawajua, mtaacha mada mkaanza kubishana injini. Kwenye lami ya Tunduma utafurahi, ila ukisema ushuke nalo Muze kule bondeni, tumbo lake linabaki mlimani.

Nililinunua kwa Mzee Kalisti wa Mwazye, fundi mitambo mstaafu aliyelitunza miaka mingi. Rangi ilikuwa ile ile ya kiwandani, kahawia iliyoiva inayoelekea zambarau. Vijana wa stendi hawakuchelewa, wakalibatiza Ugali wa Ulezi.

Mimi Mfipa, ugali wa ulezi nakula na kusaza. Lakini kuitwa hivyo kila kona ya mji inachosha.

Mzee alinikabidhi na kaunta buku. Humo kaandika kila kitu kwa mkono wake: siku ya kubadilisha oili, tairi zilikotoka, hadi siku gari lilipoingia mtaroni pale Msanzi na mlango wa kushoto ukanyooshwa.

Akaniambia, "Mwanangu, hili daftari ni nusu ya gari. Usije ukavitenganisha."

Nikasema ndiyo mzee, nikaenda kulitupia juu ya kabati.

Mpango wangu ulikuwa nilitumie kidogo, niliuze, ninunue mashine ya kusaga niiweke Msanzi nyumbani kwa mama. Kijijini kwetu mashine hakuna. Mama anabeba debe la mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, na magoti yake yameshachoka. Nilimwahidi kwa mdomo wangu.

Hapo ndipo anaingia Ambakisye.

Ni jirani yangu, katokea Mbeya, anafanya kazi ofisi ya mifugo. Kijana mpole, shikamoo haimpigi chenga. Akanunua gari kama langu, aina moja, ila lake jekundu. Jekundu la kiwandani, linang'aa hata likiwa na vumbi.

Wakuu, niliumia. Mtaa mzima uliokuwa unageuka kunitazama mimi, sasa ukawa unamgeukia yeye. Langu ndilo lililotangulia mjini, lakini nikaonekana mimi ndiye niliyeiga.

Kilichonimaliza ni harusi moja ya parokiani. Gari la Ambakisye likambeba bibi harusi. Mimi nikapewa kubeba keki. Tunaingia ukumbini, MC anashika kipaza sauti: "Na nyuma yao, mabibi na mabwana, ugali nao unaingia!"

Ukumbi ulicheka. Mke wangu alicheka. Hata sasa hivi anacheka.

Nikaapa naenda kulipiga nyekundu. Nilipomwambia Ambakisye, akatikisa kichwa. "Kaka, iache hivyo hivyo. Hiyo rangi yako ni nzuri sana."

Nikajua tu, huyu anaogopa nitamfunika.

Wiki iliyofuata akaenda likizo kwao. Akiwa huko akanitumia meseji: "Kaka, nakuomba gari usiliguse mpaka nirudi. Nina habari nzuri, tutaongea."

Nawaambia ukweli, meseji ile ndiyo iliyonipeleka gereji. Niliisoma mara mbili, nikasema, yaani mtu yuko Mbeya na bado hataki niwe mwekundu. Kesho yake asubuhi gari lilikuwa kwa fundi.

Fundi akapiga msasa, akapaka puti, akapuliza rangi mchana kweupe kwenye kiwanja cha wazi. Upepo wa hapa kwetu mnaujua. Vumbi likakaa humo humo kwenye rangi. Ukilitazama kwa mbali, jekundu. Ukisogea, lina vipele.

Mimi niliona limependeza. Wivu unafunga macho.

Nikafikiria na ile kaunta buku. Nikasema mteja akisoma habari za mtaroni atanishushia bei. Nikachana kurasa, nikawashia jiko la mkaa. Chai ikachemka vizuri tu.

Ambakisye akarudi Ijumaa. Hakuwa peke yake, alikuja na mtu mzima mmoja kutoka Dar, mwenye kofia na viatu visivyo na vumbi. Wakasimama kwenye geti langu.

Ambakisye alilitazama gari, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye tofali.

Yule mgeni ndiye aliyenieleza, tena kwa upole. Anakusanya magari ya aina hiyo. Za kahawia ile zilitoka chache mno kwa sababu wanunuzi wa enzi hizo waliikataa, na zilizobaki na rangi ya kiwandani zinatafutwa kama dawa. Ambakisye alirusha picha ya gari langu kwenye grupu lao la WhatsApp, akawaelezea na daftari la mzee nililowahi kumsimulia. Mgeni akafunga safari.

Alikuwa na kidude kidogo cha kupima unene wa rangi. Akakigusisha mlangoni, akatikisa kichwa. Akauliza, "Na daftari?"

Mke wangu ndiye aliyejibu.

Nikajitetea kwamba lile daftari lilikuwa na habari ya ajali. Akasema, "Ndiyo maana nililitaka. Ajali iliyoandikwa naijua. Iliyofichwa chini ya rangi mpya siijui, siwezi kuinunua."

Bei aliyokuwa amekuja nayo aliitaja. Mashine ingepatikana, na kibanda chake, na chenji ingebaki.

Hakutaka kurudi mikono mitupu, akanunua jekundu la Ambakisye. Lile ambalo halijaguswa na lina karatasi zake zote.

Usiku huo sikulala. Ambakisye akaja asubuhi kunipa pole. Akaniambia, "Kaka, tangu nimehamia hapa nilikuwa naionea wivu gari yako. Nilikuwa natafuta namna ya kukuomba tubadilishane."



Jumapili nikaenda Msanzi. Mama hakuuliza habari za mashine. Alikuwa katoka kusaga, bado ana unga kwenye nyusi. Akanitengea ugali wa ulezi, nikaitazama ile rangi yake, wakuu, nikala mboga tu.

Ninachowaachia ni hiki. Gari la zamani usilibadilishe rangi kwa sababu ya macho ya watu, na historia yake usiichome hata kama ina aibu. Mengine ya moyoni mwangu bado nayashughulikia.

Kama kuna anayejua fundi wa kuirudisha ile kahawia, aseme. Na wa kunicheka mcheke, nimezoea tangu kwenye harusi.

Picha ya gari likiwa na rangi yake naiweka hapo chini, Ambakisye kanitumia. Ni hiyo moja tu iliyobaki duniani.

Huyo aliyeegemea mlango na kutabasamu siyo mimi, ni yeye.